Beberu Anayengoja Kisu cha Hassan

Ukitaka kumjua Mutunga wa Tulia, usianzie kwenye kesi. Kila mtu huanzia hapo, ndiyo maana hakuna anayemjua. Anzia kwenye sauti.

Mutunga alizaliwa na sauti iliyouzidi mwili wake. Mwenyewe mwembamba kama ufito, lakini akifungua mdomo unageuka kumtafuta jitu aliyesema. Shuleni ndiye aliyepewa kusoma majina kwenye gwaride, na kanisani walimweka upande wa besi kabla ya ndevu kuota. Masomo yalipomshinda, au tuseme karo ilipowashinda wazazi wake, alichimba mchanga mtoni hadi akapata spika mbili na amplifaya. Akazifunga kwenye pikipiki kuukuu, akawa mtangazaji. Tangu hapo hakuna mtu aliyekufa Tulia bila Mutunga kumpitisha vijijini. Mbuzi akipotea, aliitwa yeye. Chanjo ya ng'ombe ikija, yeye. Watu walizoea kusema, "Kama Mutunga hajasema, bado yuko hai," na hawakuwa wakitania sana.

Kazi hiyo aliifanya kwa sheria moja. Aliipata kwa aibu, ndiyo maana haikumtoka. Zamani alipewa tangazo la mazishi ya mzee mmoja mwenye wake wawili. Karatasi ilikuwa ndefu, betri ilikuwa inazimika, na Mutunga kwa akili zake akaruka majina ya nyumba ndogo. Siku ya mazishi, wana wa nyumba ndogo wakaja na majembe, wakaanza kulifukia kaburi kabla mzee hajaingia. Kama mama yao hayumo kwenye tangazo, walisema, basi na baba yao hayumo kwenye shimo hilo. Ilibidi Mutunga azunguke upya vijiji vyote, maiti ikingoja juani, akiyataja majina aliyoyaruka. Kuanzia siku hiyo aliapa: maneno ya watu atayasema yalivyo, yote, bila kupunguza wala kuongeza. "Mimi ni bomba," alikuwa akisema. "Maji ni ya wenyewe." Na mtu akimletea ubishi, alimkumbusha kwamba mjumbe hauawi.

Simu za kugusa kwa kidole zilipoenea, Mutunga hakubaki nyuma. Alifungua ukurasa wa Facebook na grupu la WhatsApp, vyote akaviita Sauti ya Tulia, jina lile lile aliloliandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa spika zake. Akawa anasoma matangazo na kuyatuma kwa sauti. Watu wa Tulia walioko Nairobi walijua nani amefiwa kabla ya majirani. Hata huko Tseikuru, mwisho wa kaunti, kulikuwa na wachungaji wa mbuzi waliomjua Mutunga kwa sauti bila kuwahi kumwona uso.

Sasa Hassan. Babu yake alitoka Pwani na marobota ya vitambaa, akafika Tulia, akaona pamemtosha. Hassan alizaliwa hapo, akacheza mpira hapo, na Kikamba chake kilikuwa na methali ambazo vijana wa siku hizi hawazijui. Alikuwa na duka la unga na mafuta ya taa, yeye na mkewe Khamisa. Lakini kilichomfanya awe mtu wa kila boma si duka, ni kisu. Tulia ilikuwa na desturi yake: pakiwa na harusi, matanga au mavuno, mbuzi hachinjwi hadi Hassan aje. Akichinja yeye, wote wanakula, Mkristo na Mwislamu, hakuna anayekaa kando na soda yake kama mgonjwa. Ndiye aliyechinja kwenye mazishi ya baba yake Mutunga. Alipomaliza aliosha mikono, akaketi na wafiwa, akala.

Basi ukaja msimu wa kura, na pamoja nao ukame. Wafugaji wa ngamia wakashuka kutoka mbali kutafuta majani, ngamia wakaingia mashamba ya watu huko juu upande wa Tseikuru, na mtu mmoja akakatwa panga akiwafukuza. Jambo hilo lilikuwa la kusikitisha na lingeweza kuzungumzwa na watu wenye akili. Bahati mbaya lilifika kwanza mikononi mwa Mheshimiwa Nzomo.

Nzomo alikuwa akiwania kiti na kura zake zilikuwa zinasuasua. Akaandika Facebook maneno ambayo sitayarudia yote, yameshaenea vya kutosha. Alisema wenye ngamia ni wadudu wa shamba, na mdudu haombwi aondoke. Mwishoni akaongeza kwamba ndugu zao wa dini wenye maduka katika masoko yetu nao waonyeshwe njia ya kurudi walikotoka. Akayaandika kwa Kiswahili kigumu cha kujionyesha, na watu wengi waliyapita tu kama wanavyopita tangazo la dawa ya meno. Kwa hiyo kijana wake wa kampeni akamtumia Mutunga maneno hayo, akaomba ayatie sauti, wazee wayasikie. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Mutunga aliketi nyuma ya nyumba yake akayasoma kwanza kimoyomoyo. Alipofika kwenye wenye maduka, alisita. Alimfikiria Hassan. Kisha akajiambia kwamba Hassan si wa hao, Hassan ni wetu, nani asiyejua? Na maneno ya mtu hayarukwi. Akabonyeza, akasoma yote kwa ile besi yake ya kutangaza msiba, akatuma.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Jioni hiyo hiyo vijana ambao tangu utotoni walikuwa wakipewa peremende na Hassan walikusanyika mbele ya duka lake. Mawe yakaanza kwenye mabati. Mlango ukavunjwa, unga ukamwagwa barabarani, mafuta yakawashwa. Khamisa alichungulia dirishani kuona kama mtoto wa jirani aliyekuja kununua chumvi ameshatoka salama, na jiwe likamkuta hapo. Jicho la kushoto halikupona. Sokoni wote waliwajua waliorusha mawe, kwa majina na kwa majina ya mama zao. Polisi walipouliza, hakuna aliyeona, na hadi leo hakuna hata mmoja wao aliyesimama kizimbani.

Aliyekamatwa ni Mutunga. Na kusema haki, Nzomo naye alikamatwa, mbele ya kamera, akipunga mkono.

Sisemi Mutunga hakustahili kitu. Jicho la mtu halipofuki lenyewe, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema hana hatia. Alipotoka rumande kwa dhamana, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda zizini. Kwa Wakamba, mtu akimkosea mwenzake kosa la kuumiza, anampelekea beberu, nthenge kama wanavyomwita. Aliyekosewa humchinja nyumbani kwake, kwa mkono wake au wa watu wake, na wote wawili hula nyama hiyo hiyo. Baada ya hapo jambo halitajwi tena. Lakini kabla ya kisu, mkosaji husimama akasema kosa lake wote wakisikia. Asiposema, nyama hiyo ni kitoweo tu. Mutunga alichagua beberu mchanga mweupe mwenye doa jeusi shingoni, aliye bora kuliko wote aliokuwa nao.

"Unaenda wapi na huyo?" aliuliza Wayua, mkewe.

"Kwa Hassan."

"Baba Mwau, si wamekuandikia usimkaribie? Wewe ukionekana huko wanakurudisha ndani."

Kweli, ndivyo dhamana ilivyosema. Asimkaribie Hassan wala Khamisa, asiongee nao ana kwa ana wala kwa simu. Sheria iliogopa kwamba angewatisha. Mutunga alisimama pale ameshika kamba, akaona jambo la ajabu: dunia nzima ilikuwa imeruhusiwa kumpa Hassan pole isipokuwa mtu mmoja anayedaiwa hiyo pole. Akamfunga beberu nyuma ya nyumba, akamwambia Wayua, "Huyu asiuzwe. Hata njaa ije aje."

Siku ya kesi ilipokaribia, jamaa mmoja aliyezoea mahakama alimvuta kando akamshauri akane. Akane tu, alisema, kesi ziko nyingi, faili hupotea, mashahidi huchoka. Mutunga alimtazama kama mtu anayeshauriwa aibe sadaka. Ajikane sauti ambayo hata mbuzi wa Tulia waliisikia? Yeye alijua njia moja tu ya kutoka kwenye kosa. Ujanani aliwahi kulewa na kuingia kanisani akiimba nyimbo za kilabu. Jumapili iliyofuata alisimama mwenyewe akasema nimekosa, akawekwa benchi ya nyuma kwa muda, kisha akarudishwa kwenye besi. Kwenye baraza la ukoo ni vivyo hivyo. Anayekubali mapema anakatiwa kidogo, na anayekana ndiye anayeongezewa, kwa sababu amewachosha watu na kuwafanya wajinga. Wayua alikubaliana naye. Mchungaji alikubaliana naye. Tulia nzima yenye akili timamu ingekubaliana naye. Wakamwombea, akaenda.

Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na mafua, na kabla ya Mutunga alikuwa ameshasikiliza wezi wa kuku wa wiki nzima. Shtaka likasomwa: kuchochea chuki kati ya jamii.

"Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli."

"Sauti kwenye hiyo rekodi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Maneno ni ya mwenyewe, lakini nimeyasema mimi."

Hakimu aliandika. Mutunga akangoja, kisha akauliza kwa adabu, "Na mwenye maneno atakuja lini?"

"Hiyo ni faili nyingine," alisema kiongozi wa mashtaka.

Alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu, Mutunga aliinuka kama anavyoinuka mtu kwenye baraza la ukoo, akashika kofia yake mbele. Alisema, "Nimekosa. Nimemkosea Hassan, na nimemkosea mke wake Khamisa, jicho lake liko juu yangu. Niko na nthenge nyumbani. Naomba nipewe ruhusa nimpeleke, niseme mbele ya watu, kisha nyinyi mtanipa ile mtaona." Akaangaza huku na huku akimtafuta Hassan. Hassan hakuwepo. Kwa kuwa mshtakiwa amekubali, mashahidi hawakuhitajika, na hakuna aliyekumbuka kumwita. Nyuma ya chumba watu wawili watatu walicheka, mbuzi tena, mahakamani. Hakimu hakucheka. Aliandika kwamba mshtakiwa anaomba msamaha, akapangusa pua, akasema kosa la aina hiyo limezidi nchini na mahakama ni lazima itoe funzo. Sauti ya mshtakiwa inafahamika, alisema, na kwa sababu inafahamika ndipo ilipoumiza. Hapo hakukosea. Kisha akataja faini ambayo Mutunga asingeifikisha hata akiuza shamba, mbuzi, spika na mlango wa nyumba, ama kifungo cha miaka miwili.

Wayua alidhani amesikia vibaya. Alikuwa amekuja na shuka la kanga la kumfunika mumewe akitoka, kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Nzomo yeye alikana. Alisema akaunti yake iliingiliwa na wadukuzi. Mawakili wake wakaomba tarehe, wakaomba tarehe nyingine, wakaugua kwa zamu. Uchaguzi ukapita, Nzomo akashinda, na mtu akishinda hata wadudu wake wanakuwa vipepeo. Watu wa serikali wakakaa naye mezani, wakaona kwamba kwa ajili ya utangamano wa taifa ni vyema mambo yaishe kwa mapatano. Akasoma msamaha kwenye karatasi kwa muda mfupi kuliko chai inavyochemka. Kesi ikaondolewa. Kisha akafanywa balozi wa amani. Tunaambiwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa kwetu mtu alikuwa ameuchonga meno upande mmoja.

Mutunga aliyajua haya kwenye televisheni ya gereza. Ilikuwa Jumapili, wafungwa wameketi sakafuni, habari zinapita. Akaona soko la Tulia. Akaona jukwaa, mahema, na Nzomo akiwa na skafu ya rangi za bendera. Akamwona Hassan amesimama kando yake, amevaa kanzu ya Idi, mkono wake umeshikwa na kuinuliwa juu kama wa bondia aliyeshinda asichokitaka. Fahali alikuwa ameletwa, na Hassan akapewa kisu amchinje. Na nyuma yao, kwa rangi nyekundu, Mutunga akasoma mwandiko wake mwenyewe: Sauti ya Tulia. Nzomo alikuwa anahubiri amani kwa spika zake.

Wayua alipokuja kumwona hakungoja kuulizwa.

"Walikuja na gari, wakasema wanakodisha. Watoto walikuwa hawajakula vizuri. Na nikafikiri ni ya amani, si itakusaidia."

"Ulifanya vyema," alisema Mutunga.

"Walirudisha moja imepasuka."

"Na nthenge?"

"Yuko. Watu wamekuja kumnunua, nikakataa. Hiyo harufu yake, Baba Mwau, wageni hawakai." Akajaribu kucheka, akashindwa, akalia. Mutunga naye alilia, kwa hasira kuliko huzuni. Hakumwonea Nzomo wivu wa uhuru. Alimwonea wivu wa ule mkono wa Hassan.

Alitoka gerezani na kikohozi. Ile besi ya kutangaza msiba ilikuwa imebaki kama mlango wenye bawaba mbovu. Aliposhuka Tulia alitaka kupita kimya kimya, lakini mama wa nyanya alimwona, akapiga kigelegele, na kabla hajajificha soko lilikuwa limemzunguka. Walimpa ndizi, walimpa soda, kijana mmoja akamvulia kofia. Shujaa amerudi, walisema. Amefungwa kwa ajili yetu. Mutunga hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliirudisha soda bila kuimaliza. Kumbe muda wote aliokuwa ndani akijiona mkosaji, Tulia ilikuwa ikimhesabu kama mtu aliyesema ukweli akaadhibiwa na wakubwa. Hukumu yake, ambayo hakimu aliita funzo, ilikuwa imewafunza hilo. Na kwenye kona, pale palipokuwa na duka la Hassan, mtu alikuwa anauza mitumba.

Aliambiwa Hassan na Khamisa wamehamia Salama, kule Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa, wanapikia madereva wa malori. Kifungo kilikuwa kimekwisha, hakuna tena aliyemkataza. Alimfunga kamba mpya beberu wake, ambaye sasa alikuwa dume la kutisha lenye ndevu na pembe, akaomba lifti kwenye lori la maembe linaloelekea barabara kuu. Beberu alikula maembe ya mwenye lori njia nzima, na Mutunga akaomba msamaha njia nzima.

Walimkuta Hassan akipanga kuni. Alimtazama Mutunga, akamtazama beberu, akaelewa. Mtu aliyekulia Tulia haelezwi mambo hayo. Macho yake yalilowa, akasema taratibu, "Karibu, Mutunga. Umekonda."

"Nilitaka nikuje kabla ya kesi. Walinikataza."

"Najua. Mimi pia nilitaka kukuja kortini, niseme. Nilingoja kuitwa. Hakuna mtu aliniita." Akaweka kuni chini. "Ngoja nichukue kisu."

"Hassan," alisema Khamisa kutoka jikoni. "Kisu ngoja."

Alitoka akijifuta mikono. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe. Alimvutia Mutunga kiti, akamletea chai ya maziwa, akakaa mbele yake upande ambao angeweza kumwona.

"Baba Mwau, yale maneno ya mheshimiwa nilikuwa nimesoma asubuhi. Kwa simu ya Hassan. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema huyu anatafuta kura, si tunamjua. Nikaendelea kupima unga. Jioni nikasikia wewe. Hapo ndio nikaambia Hassan afunge duka. Kwa sababu wewe ukisema, watu wanaamini."

Mutunga aliiweka chai chini.

"Mheshimiwa alileta ng'ombe. Hassan akachinja, nikakula, sikusikia chochote. Yule hakuwa mtu wetu, hakuna kitu alivunja. Wewe ulikuwa mtu wetu. Mimi sikutaka ufungwe. Kufungwa kwako kumenipa nini? Nilitaka useme. Kwa hiyo sauti, hapo sokoni, wale waliosikia ile waisikie hii. Ndio desturi yenu, ama nadanganya?"

"Hudanganyi."

"Basi rudi na mbuzi yako. Siku umesema na wamesikia, ulete. Hassan atachinja na mimi nitapika, na tutakula."

Hassan alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, hakubisha. Mutunga alirudi Tulia na beberu wake, safari hii kwenye lori la saruji.

Kesho yake alikwenda kwa chifu kuomba kibali cha kutumia spika, kwa maana spika haipigwi sokoni bila kibali. Chifu alikuwa mtu mzuri aliyeipenda kazi yake kuliko uzuri.

"Mutunga, wewe ni mtu wa kesi ya uchochezi. Nikupatie spika? Sokoni? Unataka nikule nini mimi?"

"Nataka kuomba msamaha tu, bwana chifu."

"Kila mtu anasema tu. Hiyo rekodi yako ya korti haitoki, hata ukiwa mzee. Labda umwombe mheshimiwa akusemee. Yeye wakati wowote anapewa."

Mutunga alitoka nje akasimama juani. Aliyeyaandika yale maneno alikuwa na ruhusa ya kusema popote, lolote, wakati wowote. Yeye aliyeyasoma hakuwa na ruhusa ya kuyafuta. Hukumu iliyotajwa mahakamani ilikuwa ya miaka miwili. Hii nyingine hakuna hakimu aliyeitaja, na haikuwa na mwisho.

Siku ya soko alikwenda bila spika. Alipanda kwenye kreti la soda karibu na mitumba, akajikohoza, akaanza. Alisema jina lake. Alisema yale maneno yalikuwa uongo, kwamba Hassan ni mtu wa Tulia, kwamba jicho la Khamisa ni deni la soko lote na yeye wa kwanza. Sauti ilikuwa ikikatika, lakini ilikuwa yake, na watu wakaacha kupima maharagwe wakamgeukia. Kwa muda mfupi Mutunga alidhani wanasikia.

Kisha mama wa nyanya akatikisa kichwa kwa huruma. "Wamekuambia useme hivyo, eeh?"

"Hakuna mtu ameniambia. Nasema mimi."

"Tunaelewa, Mutunga," alisema mzee mmoja, akimkonyeza. "Sema tu wakuache. Sisi tunajua ile ya kweli ni gani." Wakacheka, si kwa ubaya. Wakampigia makofi. Walikuwepo miongoni mwao wale vijana wa mawe, sasa wanaume wenye bodaboda zao, nao walipiga makofi kuliko wote. Mmoja wao alikuwa amerekodi kwa simu. Kabla jua halijageuka, Mutunga juu ya kreti alikuwa ameshaenea kila mahali, na juu ya picha yake wameandika kwamba shujaa wa Tulia analazimishwa kuwapigia magoti wageni. Hiyo haikumpeleka mtu yeyote mahakamani.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Khamisa.

"Nimekuona," alisema.

"Nilisema, Mama. Nilisema yote."

"Nimekusikia. Mimi nimekusikia vizuri." Kulikuwa na kelele za malori nyuma yake. "Lakini nimesoma pia ile wanaandika hapo chini."

"Sasa nifanye aje?"

"Sijui, Baba Mwau," alisema. "Kweli sijui. Mbuzi akae kwanza."

Mutunga amerudi kuchimba mchanga mtoni. Kila siku ya soko hupanda kwenye kreti, akasema maneno yale yale, yote, bila kupunguza wala kuongeza, na watu humwita shujaa na kumnunulia chai. Wayua ameacha kumzuia. Beberu amezeeka, ndevu zimekuwa za manjano, na nyama yake sasa hata ukiichemsha kutwa haitatafunika. Jioni Mutunga hupita nyuma ya nyumba na majani aliyomkatia, akamwambia angoje kidogo.